Tofali lina risiti, unga hauna

Jamani, leo naandika kuhusu talaka. Najua wapo watakaosema, huyu hata kuolewa hajaolewa, anajua nini? Sijaolewa, kweli. Lakini kazi hii ya uandishi imenikalisha sana kwenye mabenchi ya mahakama, na masikio ninayo.

Kwanza tuliweke sawa jambo moja. Vijana wengi wa mjini hapa, ndoa ikianza kuyumba, wanafungua simu na kuikuta Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Wanasoma kifungu cha 114 kuhusu kugawana mali, roho inatulia. Sheria ile ni ya Tanzania Bara, haivuki bahari! Hata kesi maarufu ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu ya mwaka 1983, ambayo Mahakama ya Rufani ilisema kazi za nyumbani za mke nazo ni mchango kwenye mali ya ndoa, ilikuwa inatafsiri sheria hiyo hiyo ya Bara. (Na Bi Hawa mwenyewe rufani yake ilikataliwa. Wanaoishangilia kesi ile hawakwambii hilo.)

Huku kwetu Unguja, mkiwa Waislamu, mambo yenu ni kwa kadhi. Chini ya sheria ya mwaka 1985 kadhi alisikiliza ndoa, talaka, matunzo, malezi ya watoto na mirathi, lakini mali mliyochuma pamoja haikutajwa. Ikaja Sheria ya Mahakama ya Kadhi Namba 9 ya 2017, nayo ikaitaja: kadhi anaweza kuigawa mali ya wanandoa, pale penye mchango halisi.

Mchango halisi. Hapo ndipo ninapokwama.

Chukua mwanamke wa Paje anayelima mwani. Akiuza, pesa inakwenda kwenye unga, mafuta ya taa, sare za skuli, dawa ya mtoto. Mumewe naye anafanya kazi hotelini. Kwa kuwa chakula kimeshapatikana, mshahara wake unanunua saruji, tofali, bati. Baada ya miaka kumi kuna nyumba. Siku wakiachana, mwanamme ana risiti za tofali. Mwanamke ana nini? Unga umeshaliwa. Na mara nyingi kiwanja chenyewe ni cha wazee wa mume, kwa hiyo hata pa kuanzia kudai hapaonekani. Anaondoka na vyombo vyake na kitanda.

Wapo watakaoniambia nataka kuingiza mambo ya Kizungu kwenye dini. Hapana. Mimi nataka tuishike dini hiyo hiyo, tuifikishe mwisho. Katika fikihi yetu ya Kishafii, nani anayewajibika na chakula, nguo na makazi ya mke? Mume. Na nafaka ya mke asiyoitoa inabaki kuwa deni shingoni mwake. Basi mke akinunua unga kwa pesa ya mwani, amebeba mzigo usio wake, na pesa ya mume iliyopona ndiyo iliyosimamisha ukuta. Kama huo si mchango halisi, basi sijui halisi ni nini. Atasema alitoa kwa mapenzi, ilikuwa zawadi. Sawa, na mume mbona mapenzi yake hayakuandika jina la mke kwenye hati?

Kuhusu kuachana kwenyewe, wengi mnajua. Mume anatoa talaka, au mke anajivua kwa khului, yaani anarudisha mahari au anatoa kitu ili aachwe, au kadhi anaivunja ndoa kwa fasakhi. Nyinyi dada zangu, angalieni hiyo khului. Kuna mwanamme aliyekwishachoka na ndoa, lakini ananyamaza, haachi, hatoi matumizi, anangoja mke ndiye aende kwa kadhi ili ainunue talaka yake. Kama hatoi matunzo, sema hivyo mbele ya kadhi kabla hujakubali kulipa chochote.

Watoto je? Kwa Kishafii mtoto mdogo hukaa na mama mpaka afikie kupambanua, miaka saba hivi, kisha huulizwa anataka kukaa na nani. Mama akiolewa na mtu baki, haki hiyo huweza kumponyoka. Na Sheria ya Mtoto ya Zanzibar, Namba 6 ya 2011, inataka maslahi ya mtoto yatangulie. Lakini mtoto akae kwa nani, matumizi yake ni ya baba. Wapo akina baba wanaodhani wakinyimwa mtoto wamesamehewa na ada ya skuli. Nani kawadanganya?

Ningependa Baraza la Wawakilishi liiandike maana ya mchango halisi, na unga na ulezi viwemo ndani yake kwa majina. Mpaka hapo, nyinyi mlio ndani ya ndoa, hata zile tamu, wekeni karatasi. Risiti ya friji iwe na jina la aliyelinunua. Ujumbe wa malipo kwenye simu usiufute. Na lile daftari la mkopo la dukani, ukilimaliza usilifanye la kufungia karanga. Jina lililoandikwa mle kila mwezi ni lako.