Mkunje, Usimvunje

Wako watu wasemao kwamba mtoto hawi mwema pasipo kiboko, na ngao yao ni methali: Samaki mkunje angali mbichi. Ewe msomaji, sisi wa kandokando ya ziwa tunawajua samaki. Nenda Dunga, karibu na Kisumu, uwatazame wanawake wakipokea samaki kutoka mashuani. Samaki hukunjwa kwa mkono. Akipigwa rungu hupondeka. Methali imeamuru kukunja, haikuamuru kuvunja.

Sheria nayo imekwisha kusema. Mwaka 2001 serikali ya Kenya iliondoa adhabu ya viboko shuleni, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 ilikataza kumpiga mwanafunzi, hata kumtesa moyo. Lakini sheria haina macho uani, wala nyuma ya darasa, ambako mwana wa muuza omena huchekwa kwa kuwa sare yake inanuka samaki. Amchekaye amejifunza wapi? Amejifunza kwa wakubwa waliompiga na kumtukana, kwamba mwenye nguvu ana haki ya kumwumiza mnyonge.

Basi wewe usomaye, usingoje mwalimu wala askari. Keti karibu na huyo anayechekwa, msome kitabu kimoja. Ukirudi nyumbani, mdogo wako akikosea, mwonye pasipo kofi. Fimbo huzaa woga, na woga hujificha tu mpaka upate wa kumwonea. Wema hufundishwa kwa kutendwa.