Dawa ni Kipimo, si Jina

Waswahili husema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Na kikohozi chenyewe hakifichiki pia: mtu akikohoa usiku, asubuhi kila jirani ana dawa yake ya kumwagiza. Siku hizi miongoni mwa dawa hizo zimo na za Kichina, na aghalabu husifiwa kwamba ni za miti, kwa hivyo hazina madhara. Kauli hiyo naipinga, na shahidi wangu ni Wachina wenyewe.

Yapata miaka 1,800 iliyopita, mwishoni mwa enzi ya Han, aliishi tabibu aitwaye Zhang Zhongjing. Dibaji ya kitabu chake, Shanghan Lun, yaeleza kwamba jamaa zake walizidi 200, na kabla ya kutimia miaka 10 thuluthi mbili yao walikuwa wamekufa, wengi wao kwa maradhi ya homa. Msiba huo ndio uliomshikisha kalamu.

Katika dawa alizoziandika imo moja ambayo matabibu wa Kichina huitumia kwa kikohozi cha kubanwa pumzi, kitokanacho na joto la mapafu. Wazee wetu wa Pwani, wanaopambanua vyakula vya moto na vya baridi, hawataona ajabu kusikia habari ya joto hilo. Dawa yenyewe ni vitu vinne tu: mmea uitwao ma huang, kokwa za aprikoti, mizizi ya urukususu, na jiwe la jasi. Ma huang huchemshwa kwanza, povu likaenguliwa, ndipo vingine vikatiwa. Kila kimoja kimetajiwa kiasi chake, na mgonjwa ametajiwa dalili zake.

Kwa nini uangalifu wote huo? Ndani ya ma huang mna efedrini, ambayo Mjapani Nagai Nagayoshi aliitenga mwaka 1885. Hufungua mirija ya pumzi, lakini pia huuendesha moyo mbio na kupandisha presha. Urukususu ukizidi nao hupandisha presha, na kokwa za aprikoti zikizidi huwa sumu.

Huko Marekani, mmea huo ulitiwa katika vidonge vya kupunguza unene. Mwezi wa Februari 2003, Steve Bechler, mchezaji wa besiboli wa miaka 23 aliyekuwa akivitumia, alizidiwa na joto mazoezini, akafa. Mwaka uliofuata serikali ikavipiga marufuku. Mmea ulikuwa ule ule. Kilichokosekana ni kipimo na tabibu.

Je, ndugu msomaji, tuzitupe dawa za asili? La hasha! Hata Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 inaitambua tiba hiyo. Nisemalo ni kwamba anayetuuzia chupa isiyoandikwa kilichomo wala kiasi cha kunywa, hatuuzii elimu ya Zhang, bali jina lake tu. Tumuulize bila haya. Na kikohozi kikipita wiki mbili, au kikija na jasho la usiku na kukonda, twende hospitali tukapimwe makohozi, kwani kifua kikuu hakiponi kwa asali wala kwa ma huang.

Zhang alizika jamaa zake, kisha akaandika. Sisi tulioachiwa maandishi tusingoje kuzika ndipo tuulize.