Muhimbili wanapandikiza. Misungwi nani anafundisha mtoto kusema?



Kila Muhimbili wakitangaza kwamba watoto wamepandikizwa vifaa vya usikivu, picha ni ile ile: kifaa kinawashwa, mtoto anashtuka, mama analia kwa furaha. Safi sana. Ila mi swali langu ni la siku ya pili. Mtoto akisharudi huku kwetu, nini kinafuata?

Tukumbushane kidogo. Huduma hii ilianza Muhimbili mwaka 2017. Kabla ya hapo serikali ilikuwa inapeleka watoto India, na gharama zilizotajwa ni kati ya shilingi milioni 80 na 100 kwa mtoto mmoja. Kufanyia nyumbani kulipunguza gharama hiyo zaidi ya nusu. Hapo tuwape hongera.

Sasa tatizo. Watu wengi wanadhani kifaa ni kama miwani, ukivaa tu unaona. Siyo hivyo. Kinapeleka umeme kwenye mshipa wa fahamu wa sikio, halafu ubongo ndo uanze kujifunza ile milio maana yake nini. Aliyezaliwa kiziwi akipandikizwa kabla ya miaka mitatu, ana nafasi nzuri ya kuongea. Akifika na miaka minane anaweza kusikia honi ya basi, lakini maneno yakamshinda.

Halafu angalia maisha yetu. Mtoto haongei, wazee wanasema "atasema tu, hata baba yake alichelewa". Miaka miwili imekwenda. Aliyepoteza usikivu kwa homa ya uti wa mgongo ndo hatari zaidi, maana ndani ya sikio panaweza kuota mfupa na nafasi ya kuingiza waya ikaziba.

Na baada ya upasuaji? Kifaa kinarekebishwa mara kwa mara, na mazoezi ya kusema yanachukua miaka. Toka hapa mpaka Dar ni zaidi ya kilomita 1,000. Nauli, malazi, shamba nani analima? Waya wa nje ukikatika, mtoto anarudi kwenye ukimya mpaka upatikane mwingine.

Kwa hiyo hoja yangu: tusihesabu idadi ya waliopasuliwa tu, tuhesabu wangapi wanaongea miaka mitano baadaye. Watoto wapimwe masikio tangu wakizaliwa, wodini na kliniki. Marekebisho na mazoezi yasogezwe Mwanza mjini. Bibi naye afundishwe kumsemesha mjukuu kwa Kisukuma chake, maana mwalimu wa kwanza ni wa nyumbani.

Na lugha ya alama isitupwe jamani! Wapo ambao kifaa hakiwafai, na wapo waliochelewa. Shule ya viziwi Tabora ipo tangu 1963, haikusubiri umeme wa sikioni ili mtoto apate elimu.

Mnaonaje wadau? Mwenye mtoto aliyepitia hii safari atupe uzoefu.

Nawasilisha.