Mgeni njoo, mwenyeji aondoke?

Tangazo la ziara ya Kambodia ukilisoma moja, umeyasoma yote. Siku ya kwanza: kuangalia jua likichomoza Angkor Wat, halafu Bayon, halafu lile hekalu lililokumbatiwa na mizizi ya miti. Siku ya pili: Banteay Srei, jioni soko la usiku Siem Reap. Siku ya tatu: Phnom Penh, kasri la mfalme asubuhi, gereza la Tuol Sleng mchana, boti mtoni jioni. Ahsante kwa kuja, karibu tena.

Niseme mapema kwamba sina ugomvi na ziara fupi. Likizo ya mwajiriwa inajulikana urefu wake, na nauli ya ndege hadi kule si ya kitoto. Ukifika, kiingilio cha Angkor peke yake ni dola 37 kwa siku moja au 62 kwa siku tatu, bei iliyowekwa mwaka 2017. Mwenye siku tatu aende na siku tatu zake. Ugomvi wangu ni na hadithi inayouzwa pamoja na kiingilio hicho. Ina uongo mmoja na mapengo matatu.

Tuanze na uongo. Utaambiwa huu ni "mji uliopotea" msituni hadi Mfaransa Henri Mouhot alipougundua mwaka 1860. Jamani, ulipotea kwa nani? Watawa wa Kibuddha waliendelea kusali Angkor Wat karne zote hizo. Mtawa Mreno António da Madalena alifika mwaka 1586. Mwaka 1632 hujaji kutoka Japani aliandika jina lake kwenye nguzo ya hekalu, na maandishi yake yapo. Huo ni mji uliopotea wa aina gani, ambao mahujaji wa Japani wanajua njia ya kufika?

Msishangae kwamba nashupalia neno moja. Kitu kikiitwa "kilichopotea", aliyekiokota anajiona mwenye haki ya kukibeba. Mwaka 1923 kijana mmoja Mfaransa, André Malraux, alienda Banteay Srei, hekalu dogo la mwaka 967 lenye nakshi nzuri kuliko zote kule, akakata sanamu za ukutani na kuzipakia aondoke nazo. Alikamatwa Phnom Penh na kufikishwa mahakamani. Baadaye akaja kuwa waziri wa utamaduni wa Ufaransa, kuanzia 1959 hadi 1969. Ndiyo, wa utamaduni! Na wizi haukuishia kwake. Mwaka 2023 jumba la makumbusho la Metropolitan la New York lilitangaza kurudisha Kambodia sanamu 14 zilizotoka nchini humo kwa njia za magendo. Kwa hiyo ukiona sanamu isiyo na kichwa, usikimbilie kulaumu mvua. Muulize anayekutembeza: kichwa kiko wapi, na kina nani?

Pengo la kwanza ni wafanyakazi. Utatajiwa wafalme mpaka uchoke: Suryavarman wa Pili aliyejenga Angkor Wat nusu ya kwanza ya karne ya 12, Jayavarman wa Saba aliyejenga Bayon na Ta Prohm. Hakuna atakayekwambia nani alibeba mawe. Na mawe yalitoka mbali, kwenye vilima vya Kulen, yakasafirishwa kwa mifereji.

Majibu mengine yameandikwa papo hapo. Ta Prohm, ile yenye mizizi iliyotokea kwenye sinema ya Tomb Raider mwaka 2001, iliwekwa wakfu mwaka 1186 kwa heshima ya mama yake mfalme. Maandishi yake ya jiwe yanasema hekalu hilo moja lilihudumiwa na watu 79,365 kutoka vijiji 3,140. Soma tena. Hao ndio waliolima mpunga ili wengine wasali na kucheza ngoma za ibada. Mtalii anapiga picha mzizi na kusonga mbele.

Ukifika Bayon, zile sura kubwa za mawe zinazotabasamu zitakuita. Zitazame, kisha shuka uzunguke ukuta wa nje. Pale kuna wapishi, wachuuzi, watu wanaopiganisha majogoo, mwanamke anajifungua. Mchina Zhou Daguan, aliyekaa Angkor mwaka 1296 na 1297, aliandika kwamba biashara ya sokoni ilikuwa mikononi mwa wanawake. Huo ukuta ndio gazeti la mji ule, na kwangu mimi unashinda minara yote. Watalii wengi wanaupita mbiombio.

Pengo la pili ni barabara kati ya Angkor na Phnom Penh. Ziara inaweka uzuri upande mmoja na uchungu upande mwingine, kana kwamba ni nchi mbili. Lakini tazama bendera. Serikali karibu zote za Kambodia tangu uhuru wa mwaka 1953 zimechora Angkor Wat kwenye bendera zao, na Khmer Rouge nao waliichora, ya njano juu ya nyekundu. Waliiteka Phnom Penh tarehe 17 Aprili 1975, wakawatoa watu wote mjini, wakawapeleka mashambani kulima na kuchimba mifereji na mabwawa kwa mikono. Hoja yao mojawapo ilikuwa kwamba taifa lililojenga Angkor haliwezi kushindwa na lolote. Hadi walipong'olewa Januari 1979, watu wanaokadiriwa kati ya milioni 1.5 na 2 walikuwa wamekufa kwa njaa, maradhi, kazi na kuuawa.

Sisemi kwamba mfalme wa karne ya 12 ni sawa na Pol Pot. Nasema hivi: tukifundishwa kustaajabia ukubwa wa jengo bila kuuliza gharama yake, tunamwachia mtawala yeyote silaha. Atatuonyesha magofu na kusema, babu zenu waliweza, nyinyi mnalalamika nini?

Ndiyo maana Tuol Sleng haifai kuwa kituo cha dakika arobaini kabla ya boti. Ilikuwa shule ya sekondari. Ikageuzwa gereza, waliotoka hai wakawa wa kuhesabika. Mmoja wao, Vann Nath, aliachwa hai kwa sababu alijua kuchora, na walihitaji mtu wa kumchora kiongozi wao. Baada ya 1979 alichora kile alichokiona ndani. Alifariki mwaka 2011 na picha zake ziko pale. Mwaka 2025 UNESCO iliiingiza Tuol Sleng kwenye orodha ya urithi wa dunia, pamoja na makaburi ya Choeung Ek. Sasa shule ile imekaa orodha moja na Angkor, iliyoingia mwaka 1992. Mtengeneza ratiba hajashtuka.

Pengo la tatu linatuhusu sisi tunaolipa kiingilio. Ndani ya hifadhi ya Angkor kuna vijiji. Kuanzia mwaka 2022 serikali ilianza kuhamisha familia zipatazo 10,000, nyingi zikipelekwa eneo linaloitwa Run Ta Ek. Serikali inasema wamehama kwa hiari, na kwamba ujenzi holela ulihatarisha hadhi ya urithi wa dunia. Amnesty International ikasema mwaka 2023 kwamba watu walitishwa. UNESCO ikasema haikuwahi kuomba watu wahamishwe. Wasomaji wa Tanzania, mliofuatilia habari za Ngorongoro na Msomera mwaka huo huo wa 2022, hamhitaji mkalimani hapa.

Hoja ya serikali si ya kupuuza. Vibanda vikizidi, magofu yanaumia. Lakini wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mgeni njoo, mwenyeji aondoke. Hekalu lililotunzwa na watu wa jirani kwa karne nyingi likisafishwa ili mimi nipate picha isiyo na kibanda nyuma, basi mimi ndiye mchafu.

Kwa hiyo ukipata hizo siku tatu, ushauri wangu ni huu. Igeuze ratiba. Anza Phnom Penh: jumba la makumbusho la taifa asubuhi, Tuol Sleng mchana, na usiweke kitu baada yake. Halafu nenda Angkor siku mbili, ukiwa na mwenyeji anayekutembeza, na umlipe vizuri. Mwulize nani alibeba mawe, nani alichukua vichwa, na nani alikuwa akiishi hapa mwaka 2021. Akisitasita, usimbane. Ana familia, na wewe una ndege ya kurudi. Lakini swali lenyewe litakuwa limeulizwa, na ukirudi nyumbani utakuwa na la kusimulia zaidi ya jua kuchomoza.

Mwenye mawazo tofauti ayalete, tubishane kistaarabu. Naomba kuwasilisha.