Ufahamu Ndio Mzizi wa Uhakiki

Katika mtihani wa KCSE, ufahamu hutahiniwa katika Karatasi ya Pili, nayo fasihi katika Karatasi ya Tatu. Mgawanyo huu umezaa dhana potovu kwamba stadi hizi mbili hazihusiani.

Swali la ushairi huifichua kasoro hiyo. Kwa kuwa shairi hutoka nje ya vitabu teule, mwongozo haumwokoi mtahiniwa. Atataja mizani, vina na mishororo bila taabu, maana mambo hayo huhesabika. Aagizwapo kuandika ubeti kwa lugha ya nathari, hukwama. Amehesabu, wala hakusoma.

Wapo walimu wanaoshikilia kuwa muda ni mfinyu na kwamba miongozo hurahisisha kazi. Hoja hiyo ina uzito, hasa pale ambapo wanafunzi kadhaa hugawana nakala moja ya riwaya. Hata hivyo, anayekariri maudhui ya Utengano kutoka kwenye mwongozo hukariri usomaji wa mtu mwingine. Swali likigeuzwa kidogo tu, hana pa kushika.

Yafaa basi kila kipindi cha fasihi kianzie kwenye ufahamu: nani anasema, anamwambia nani, kwa nini, na ni lipi asilolitamka? Ndipo sitiari na kinaya vitajwe, pamoja na kazi ya kila kimoja katika kifungu husika.

Walimu watarajiwa walioko vyuoni wasipojizoeza kuzisoma matini wenyewe, watawarithisha wanafunzi wao miongozo. Wahenga walinena: usipoziba ufa, utajenga ukuta.