Hotuba ya Lumumba tuichambue, tusiikariri tu

Wanafunzi wenzangu, na ninyi walimu wetu,

Kila tukikaribia tarehe 30 Juni, hotuba ya Lumumba inatoka kwenye kabati. Tunaandika katika kaye: nani alisema, mwaka gani, mahali gani. Halafu kaye inafungwa, tunangoja pointi za egzamen.

Tukumbuke mambo yalivyokuwa. Siku ile ya 1960, kule Léopoldville, aliyesema kwanza ni mfalme Baudouin. Alisifu kazi ya Léopold wa Pili. Kasa-Vubu akafuata kwa upole. Lumumba hakuwa kwenye programu, lakini alisimama. Sasa tazameni: salamu yake ya kwanza haikwenda kwa mfalme, ilikwenda kwa Wakongomani, wanaume na wanawake. Na mfalme ameketi pale pale! Mwalimu akituuliza tu "kwa nini?", kipindi kitakwisha tungali tunabishana.

Tena kuna lile jambo la Kifaransa. Lumumba alikumbusha kwamba Mweusi aliitwa "tu", wala si kwa urafiki, ila kwa sababu "vous" iliwekwa kwa Wazungu peke yao. Neno dogo vile, katikati ya vipigo, jela na ardhi iliyonyang'anywa! Kwa nini aliliweka humo? Mimi najibu: kidonda cha fimbo kinapona, lakini baba kuitwa kama mtoto mbele ya watoto wake, hiyo haiponi. Mwingine atajibu vingine. (Na sisi, yule mzee sentineli tunamwitaje?)

Mahali alipotaja ardhi, huku Masisi hatuhitaji kamusi. Comité National du Kivu iliundwa 1928, ikapewa mamlaka juu ya ardhi kubwa sana. Wazee wetu waulizwe.

Mwenzangu mmoja asema Lumumba alifanya kama nabii Natani mbele ya Daudi. Siyo sawasawa. Natani alianza na mfano wa mwana-kondoo. Lumumba alisema wazi, mbele ya wageni wa nchi nyingi. Na siku ile ile, wakati wa chakula, alitoa hotuba nyingine ya maneno laini. Hiyo nayo isomwe, tusimfanye sanamu.

Najua wengine wanaogopa kwamba mambo hayo yataleta fitina kalasini. Lakini huku kwetu hotuba zinatufikia hata bila mwalimu, nyingine zinaletwa na wenye bunduki. Kijana asiyezoea kuuliza "huyu anasema na nani, na ni jambo gani analiruka?" atapiga makofi, kesho yake atafuata.

Basi naomba vipindi viwili, kimoja cha Kifaransa na kimoja cha historia. Mwanafunzi mmoja asome maneno ya Baudouin kwa sauti, mwingine ya Lumumba, kisha mwalimu anyamaze kidogo. Kazi ya kunakili hotuba zote mbili, sisi wa darasa la mwisho tutaifanya.