Mtungi wa Maji na Somo la Michezo

Tangu Januari 2026 vijana wa Kenya waingiao Gredi ya 10 wamefunguliwa milango mitatu ya masomo, na mmoja wapo ni ule wa Sanaa na Sayansi ya Michezo. Ndani ya mlango huo limo somo la Michezo na Burudani. Ni jambo la kupendeza, kwani kwa miaka mingi mwili wa mwanafunzi ulihesabiwa kuwa gari tu la kukipeleka kichwa darasani. Walakini wapo wasemao kuwa somo hili si la watoto wa Kibera na Kawangware, kwa sababu shule za huko zina viwanja vidogo au hazina kabisa, na mashine za mazoezi hazijapata kuonekana. Mimi ni mwalimu, na nasema kinyume chake. Watoto wa mitaa hiyo miwili ndio walio na haja kubwa zaidi ya somo hili, na vyombo vyake wanavyo tayari.

Mazoezi ninayoyatetea huitwa mazoezi ya utendaji. Maana yake ni kuuzoeza mwili miendo ambayo maisha huudai kila siku: kuchuchumaa na kuinuka, kuinama kwa nyonga pasipo kuupinda mgongo, kusukuma, kuvuta, kubeba huku ukitembea, na kugeuka ukiwa na uzito mikononi. Waganga wa viungo waliijua njia hii kitambo. Mtu aliyevunjika mguu au kupooza upande hufundishwa nao kuinuka kitini, kupanda ngazi na kufikia kikombe rafuni, kwa kuwa hizo ndizo kazi zinazomngoja nyumbani. Mashine, kwa upande wake, humkalisha mtu ikamwamuru asogeze kiungo kimoja katika njia moja. Sisemi kuwa ni mbaya. Lakini sijamwona mtu aliyekwenda soko la Toi ameketi juu ya mashine.

Wapinzani wa kwanza wana neno lenye sura ya huruma. Husema: mtoto wa Kibera huchota maji, hufua, hupanda na kushuka njia za matope, baba yake hutembea kwa miguu hadi Eneo la Viwanda na kurudi jioni. Watu wa namna hiyo wana haja gani ya mazoezi? Hoja hii huchanganya kazi na mafunzo. Kazi huutumia mwili bila kuuliza umeegemea upande gani. Mafunzo huuliza.

Tutazame jambo lililopimwa. Mwaka 1986 wataalamu, Mkenya Geoffrey Maloiy akiwa miongoni mwao, walitangaza katika jarida la Nature matokeo ya kuwapima wanawake wa Kiluo na wa Kikuyu wabebapo mizigo. Waluo huweka mzigo juu ya kichwa. Wakikuyu huubeba mgongoni kwa ukanda upitao katika paji la uso. Pumzi zao zilipimwa wakitembea, ikaonekana kuwa mzigo usiozidi asilimia 20 ya uzito wa mwili haukuwaongezea matumizi ya nguvu, kana kwamba walikwenda mikono mitupu. Mzigo ulipopita kipimo hicho, gharama ilianza kupanda. Hao walikuwa mabingwa wa kubeba, walioizoea kazi yao kwa miaka mingi. Na hata ubingwa wao ulikuwa na mpaka.

Sasa fanya hesabu, msomaji. Msichana mwenye kilo 50 ana mpaka wa kilo 10. Mtungi wa lita 20 uliojaa maji una kilo 20 na ushei, yaani mara mbili ya mpaka huo. Tena habebi kwa kichwa wala kwa ukanda kama bibi zake. Aghalabu huuning'iniza kwa mkono mmoja, bega likashuka, kiuno kikapindia upande wa pili ili asianguke, na mkono ule ule hurudia kazi ile ile kesho na kesho kutwa. Aliyefunzwa huyagawa maji katika mitungi miwili ya lita 10, mmoja kila mkono. Uzito ni ule ule, lakini uti wa mgongo husimama katikati kama mlingoti. Atakapo kuinua, hukunja magoti, huusogeza mzigo karibu na mwili, na kuyaachia mapaja kazi yake. Asiyefunzwa hujua tu kwamba mgongo unauma.

Wapinzani wa pili ni wakali zaidi, nami nawaheshimu. Wao husema: mnawafundisha watoto wa maskini kuwa mahamali. Wenzao wa Lavington, jirani ya Kawangware, hujifunza kuogelea na kucheza tenisi, na hawa mnawapa mtungi! Maneno haya yana uchungu wa kweli ndani yake. Lakini nenda katika majumba ya mazoezi ya matajiri utazame. Utamkuta bwana mmoja ameshika chuma kizito kila mkono, akitembea kutoka ukuta hadi ukuta, jasho likimtoka. Zoezi hilo kwa Kiingereza huitwa mwendo wa mkulima, na bwana yule hulipa ada ili abebe. Yeye hatukanwi kuwa hamali. Kwa nini kijana wa Kawangware atukanwe kwa kujifunza jambo lilo hilo bure?

Wala mazoezi hayamwondolei mtu haki yake. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 43, humpa kila mtu haki ya maji safi na salama ya kutosha. Bomba na lije, nasi walimu tulidai kwa sauti. Lakini mgongo uliokwisha haribika hautengenezwi na bomba. Zaidi ya hayo, kijana aujuaye mpaka wa mwili wake anaweza kumwambia mwenye mkokoteni, "Mzigo huu umezidi, tuupunguze." Asiyeujua hukubali kila kitu.

Adui wa tatu hasemi, huiba. Kipindi cha michezo huandikwa katika ratiba, kisha hufundishwa hesabu. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, liliagiza kuwa vijana wa miaka 5 hadi 17 wapate kwa wastani dakika 60 kila siku za kuuchangamsha mwili, na angalau siku 3 kwa juma ziwe na mazoezi ya kutia nguvu misuli na mifupa. Mwalimu anayeiba kipindi hicho hutoa udhuru wa uwanja na vifaa. Udhuru huo ni mwepesi. Wasichana wacheza kandanda wa Norway walipewa mazoezi ya kujitayarisha kabla ya mchezo: kukimbia, kuruka na kutua kwa magoti yaliyokunjwa, kusimama kwa mguu mmoja, kukaza tumbo na mapaja. Yalichukua dakika 20 hivi, bila mashine yoyote. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2008 yalionyesha kuwa majeraha makubwa yalipungua kati yao. Ua wa shule ya Kibera, hata ukiwa mwembamba, unatosha kwa mguu mmoja kusimama.

Nawaomba walimu wa somo hili waanze na mtungi wa lita 5 uliotiwa mchanga hadi nusu, wakikumbuka kuwa mchanga ni mzito kuliko maji. Wasichana na wavulana wabebe sawasawa, kila mmoja kwa kadiri ya uzito wake. Kila mwanafunzi apewe daftari aandike amekwenda hatua ngapi kabla bega halijashuka, na mwenzake awe ndiye mtazamaji wa bega. Mchanga uongezwe pole pole, juma kwa juma, na hatua zihesabiwe upya. Asiyekula asubuhi asibebe siku hiyo. Apewe daftari la mwenzake ahesabu hatua, na mwalimu aulize faraghani kwa nini hakula.